Kamba ya nguo na nyanya za Waithaka

SWALI: Mwalimu, mimi niko Waithaka, magharibi mwa Nairobi, na dada yangu yuko Utawala, mashariki. Tulinunua miche ya nyanya kwa mtu mmoja, tukaipanda wiki moja, mwanzoni mwa Aprili. Masika yalipokwisha nilimshukuru Mungu, maana zangu zilikuwa zimefika kiunoni na zimebeba. Sasa ni katikati ya Juni, mvua ya maana hakuna, ni manyunyu na mawingu tu, na kwa siku nane shamba lote limekuwa jeusi kama limemwagiwa maji moto. Za dada zimesimama. Majirani wanasema ni baridi. Nimetazama video za wakulima wa Uingereza, majira yao ya kuchipua yakiwa ya baridi na mvua hufunika mimea kwa kitambaa cheupe. Ningefunika ningeokoa? Tena vifaranga vinne vimekufa wiki hii. Ni mwaka mbaya, au ni mimi? (Mama Kuku, Waithaka)

JIBU: Pole sana, Mama Kuku. Mche ukifa unapanda mwingine, lakini nyanya iliyokwisha kubeba ikianguka inauma.

Kabla hatujamlaumu mtu, nenda shambani kesho saa moja asubuhi, umande ukiwa bado haujaondoka. Tafuta jani ambalo halijaungua lote, uligeuze. Angalia pale weusi unapokutana na ukijani. Ukiona utandu mweupe, mwembamba, kama mtu amepuliza unga wa ngano kwenye ukingo wa doa, basi mambo yamejulikana. Usiende saa tano, kwa sababu hewa ikikauka utandu ule hupotea na utabaki na jani jeusi lisilosema kitu. Ukichelewa, chuma jani jioni, litie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kipande cha tishu kilicholowa, ufunge na uuache mezani jikoni. Asubuhi litakuwa limeota ndevu.

Angalia na matunda. Madoa ya kahawia, magumu, kama yamepakwa mafuta, mara nyingi yanaanzia karibu na kikonyo. Ukivikuta hivyo vyote, ugonjwa wako ni bakajani chelewa. Ndiyo huohuo majirani wanauita baridi, na sigombani nao kwa jina. Nagombana nao kwa maana, kwa sababu anayeamini kwamba adui ni baridi atatafuta blanketi, na blanketi hapa ni kosa.

Kinachoua nyanya ni kiumbe hai. Wengi hukiita ukungu, ila kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani kuliko na ukungu wa kweli, na nitakueleza baadaye jinsi tofauti hiyo ilivyonitoa pesa mfukoni. Vimbegu vyake husafiri kwa upepo, kilomita nyingi. Kimoja kikitua kwenye jani kavu, jua likiwaka, kinakufa. Kikitua kwenye tone la maji wakati hewa iko chini ya nyuzi 15 hivi, kinapasuka na kutoa vimbegu vingine vidogo zaidi vyenye mikia, na hivyo vinaogelea. Ndiyo, vinaogelea juu ya jani lako la nyanya hadi vipate pa kupenyea. Jani likibaki limelowa saa kumi hivi mfululizo, kazi imekwisha. Wewe huoni kitu kwa siku nne au tano, kisha doa linatokea, linazaa maelfu ya vimbegu, na baada ya wiki unaniandikia kuhusu maji moto.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si mvua imenyesha kiasi gani, wala baridi imefika nyuzi ngapi. Jiulize jani limekaa na maji kwa muda gani. Mimi kipimo changu ni kamba ya nguo. Nikianika suruali ya jinzi saa mbili asubuhi nikaianua saa tisa imekauka, nalala usingizi. Jinzi ikilala nje siku mbili na bado kiuno chake kina unyevu, natoka kukagua nyanya, jani kwa jani. Mke wangu amezoea kuniona nikibinyabinya nguo kwenye kamba kama mnunuzi wa mitumba.

Tukichukua wastani wa kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, ambacho ni jirani yako, Aprili hupata zaidi ya milimita 200 za mvua na Julai hazifiki 20. Kwa mvua peke yake Julai ingekuwa kiangazi. Lakini jua la Januari huwaka kama saa 9 kwa siku, na la Julai kama saa 4 tu. Mvua ya Aprili hushuka kwa kishindo, mara nyingi jioni au usiku, halafu kesho yake jua linatoka na majani yanakauka kabla ya saa nne. Manyunyu ya Juni hayajazi hata kifuniko cha soda, ila yanalowesha jani usiku, yanalilowesha tena alfajiri, na wingu linakaa juu yake hadi saa nane mchana. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nadhani hawakupita Nairobi mwezi wa Julai.

Wingu hilo linatoka mbali. Watu wa Pwani wanaujua upepo unaolileta, ni kusi. Kuanzia Mei unavuma kutoka Bahari ya Hindi ya kusini, ambako wakati huo ni majira ya baridi, na unafika kwetu ukiwa umepoa na umebeba mvuke. Kutoka usawa wa bahari unapanda kidogokidogo, unapita Tsavo, unapita Machakos, hadi unafika huku juu mita 1,800. Hewa inayopanda hupoa, na ikipoa mvuke wake unageuka matone. Juu ya hapo kuna tabaka la hewa kavu yenye joto zaidi, limekaa kama kifuniko cha sufuria. Wingu haliwezi kupanda liwe la radi na mvua kubwa, linabaki limetandazwa juu ya paa zetu kama shuka chafu, likidondosha rasharasha. Hicho ndicho kipupwe cha Nairobi, Juni hadi Agosti, na mara nyingi kinaanza wiki ileile watu wanaposema mvua imeisha.

Sasa ya dada yako. Utawala iko upande wa uwanja wa ndege, na kituo cha pale uwanjani kiko mita 1,620 hivi, karibu mita 180 chini ya kile cha Dagoretti. Hiyo ni kama nyuzi moja ya joto, si nyingi. Ila upande wa mashariki una mvua kidogo kuliko magharibi, ni tambarare, na upepo unapita bila kizuizi. Wewe Waithaka una migomba, una ua wa miti, una nyumba ya jirani ya ghorofa inayokuzuia jua la asubuhi, na hewa inasimama. Miche ni ileile na wiki ni ileile, lakini majani yake yanakauka saa nyingi kabla ya yako. Asijivune bado lakini. Udongo wake pengine ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mizizi ya nyanya ikikaa kwenye maji ya udongo ule siku tatu inaanza kukosa hewa. Kama alipanda kwenye matuta yaliyoinuliwa, ndiyo maana zimesimama. Kama alipanda kwenye mashimo, mwambie azichunguze.

Baridi yenyewe nayo ina sehemu yake, nisiiondolee kesi yote. Usiku wa Julai kwetu hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na nyanya chini ya nyuzi 13 hivi huangusha maua, na matunda yaliyoshika yanakaa kijani wiki baada ya wiki. Lakini baridi hiyo inachelewesha tu, haigeuzi shamba jeusi kwa siku nane.

Kuhusu kitambaa cheupe cha Waingereza: ungefunika, ungeuharakisha ugonjwa. Wao wana vita nyingine. Machi hadi Mei udongo wao unatoka kwenye majira ya baridi, na mbegu ya maharagwe ikitiwa kwenye udongo ulio chini ya nyuzi 10 inaoza kabla haijaota. Jalidi inaweza kuwapiga hata mwezi wa Mei, usiku mmoja, na mche wa nyanya ukageuka uji. Kitambaa kile ni blanketi la kuongeza nyuzi moja mbili usiku. Tena wao wana kitu ambacho sisi hatuna, kwani kila wiki ya majira yale mchana unarefuka, kwa hiyo hata majira yakianza vibaya, mwanga unakuja kuokoa. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na mchana wa Juni na wa Desemba hupishana kwa dakika chache. Hakuna mwanga wa ziada utakaokuja Julai. Tunangoja wingu litoke, na hilo kwa kawaida ni Septemba.

Hata hivyo ugonjwa huu wao wanaujua kuliko sisi. Huuhuu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, katika hali ya hewa ya ubaridi na unyevunyevu kama hii yako, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Huku kwetu ulikuwa umeshaingia kufikia miaka ya 1940. Nakutajia kwa sababu moja ya shambani, kwamba viazi na nyanya ni ndugu, na managu ni ndugu yao wa tatu. Kama una viazi vilivyojiotea pembeni, vile vilivyosahaulika ardhini msimu uliopita, huenda ndipo ulipoanzia. Ving'oe. Na kama una viazi aina ya Shangi shambani, ambayo watu wanaipenda kwa kukomaa upesi ila ugonjwa huu unaipenda pia, inulia udongo shinani sasa, maana vimbegu husombwa na maji kutoka majanini hadi kwenye kiazi chenyewe. Ikishaungua, kata mashina yote, ondoa, halafu subiri wiki mbili ndipo uchimbe, ngozi ya kiazi iwe imekomaa.

Nyanya zako hazitapona. Samahani kwa kusema waziwazi, ila kila siku unayoziacha zikisimama kwa huruma unawapelekea majirani ugonjwa. Chuma matunda ambayo hayana doa hata moja. Ya kijani yaliyokwisha kukomaa yataiva polepole ndani ya nyumba, ukiyapanga bila kugusana na kuyatazama kila siku. Yaliyobaki ng'oa na mashina yake, tia kwenye gunia papo hapo, usiyaburute hadi ng'ambo ya shamba ukiyakung'uta, kisha zika kwa kina. Usiyatupe kwenye rundo la mbolea.

Dawa? Kwako imechelewa, na hapa ndipo ninapokuja kwenye pesa zangu. Mwaka mmoja, nikiwa nimekwisha fundisha watu jambo hili kwa muda mrefu, ugonjwa uliniingilia nikiwa safarini. Niliporudi nilikimbilia agroveti, nikamwambia kijana wa kaunta nataka dawa ya ukungu, akanipa dawa ya ukungu. Sikusoma kibandiko. Nilinyunyiza mara tatu, nikiwa nimejifunga leso puani kama jambazi, na nyanya zikaendelea kufa mbele ya macho yangu. Jioni ya mwisho ndipo nilipovaa miwani nikasoma. Ilikuwa dawa nzuri sana ya ubwiri unga. Ubwiri ni ukungu wa kweli, bakajani chelewa si ukungu wa kweli, na dawa nyingi zinazoua huyu zinamfurahisha yule. Kwa hiyo ukienda dukani sema jina la zao na jina la ugonjwa, na usome kama kibandiko kinautaja huo, kama kina nambari ya usajili ya bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magonjwa, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Zipo za kinga, kama zile za shaba, ambazo zinakaa juu ya jani na lazima zitangulie ugonjwa; mvua ikizisuuza unarudia. Zipo zinazoingia ndani ya mmea, ila ukitumia moja hiyohiyo kila wiki ugonjwa unaizoea. Zote zinafanya kazi vizuri shamba likiwa bado la kijani kabisa. Watu hawapendi kutumia pesa kwa kitu ambacho hakijaumwa, nami nawaelewa.

Kama una nafasi ya kununua kitu kimoja, nunua nailoni angavu ya kuezekea, sio dawa. Simika miti, weka paa la mteremko juu ya mistari miwili mitatu, kimo cha mtu kusimama, na uache pande zote wazi. Wazi kabisa. Watu hujenga kibanda kizuri halafu wanaziba kando kwa sababu ya baridi, na asubuhi ndani mnakuwa kama bafuni, maji yanadondoka kutoka darini. Paa ni la kuzuia manyunyu na umande, upepo ni wa kukausha. Chini ya paa hilo acha sentimita 60 kila upande kati ya mche na mche, hata kama moyo unakuambia ubanane. Ondoa vichipukizi, bakiza shina moja au mawili, funga kwenye mti, na kata majani yote ya chini hadi urefu wa goti. Tandaza nyasi kavu ardhini ili udongo usiruke. Maji mwagia kwenye shina, asubuhi, usinyeshee juu kama unabatiza.

Msimu pia unaweza kuuchagua. Sisi tunapanda nyanya masika kwa sababu maji ni ya bure, kisha tunazilipia Juni. Babu zetu huku kwenye udongo mwekundu waliyaita masika mvua ya njahi, yale maharagwe meusi, na walijua walichokuwa wanapanda. Nyanya ya Waithaka nzuri ni ya Januari na Februari, ambayo utaimwagilia kwa mkono. Weka kitalu Novemba chini ya paa, hamisha miche katikati ya Desemba, na mwanzoni mwa Machi uwe unachuma. Kwa sasa shamba lako likae na wanaopenda ubaridi, yaani sukuma wiki, spinachi, kabichi, karoti, dania na minji. Terere na kunde usipande hadi Septemba, zitadumaa tu. Na managu yaweke mbali na pale nyanya zilipokuwa.

Nimebakiza vifaranga. Sijaviona, kwa hiyo mpelekee daktari wa mifugo kimoja kilichokufa leo, akipasue. Lakini nakisia. Kama vina wiki tatu hadi sita, vinajikunyata, mabawa yameshuka, na kinyesi kina damu, huo ni ugonjwa wa kuhara damu, na unatokana na tatizo lilelile la shambani. Mayai ya kijidudu chake hutoka na kinyesi yakiwa hayana nguvu. Yanahitaji unyevu na siku moja au mbili ili yaweze kuambukiza. Maranda yakiwa makavu, hayafiki popote. Ingia bandani, chota maranda karibu na chombo cha maji, ukamate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Yakitawanyika ni sawa. Yakibaki donge, toa yote leo, weka mapya, na inua chombo cha maji juu ya matofali, kwenye wavu. Dawa yake ipo, inatiwa kwenye maji ya kunywa, ila daktari ndiye akupe na akupimie. Kama hata kuku wakubwa wanakufa hiyo ni habari nyingine, pengine ni kideri, na usingoje kesho.

Najua umeziba banda kwa magunia, kila mtu anafanya hivyo Juni. Ziba upande upepo unaotokea, chini, usawa wa vifaranga, na juu acha nafasi ya hewa upana wa kiganja pande mbili. Ukiingia ukahisi macho yanawasha, ujue wao wako kwenye hewa hiyo usiku kucha. Na kama umewawekea jiko la makaa, litoe. Moshi usioonekana wa makaa unaua vifaranga kimyakimya ndani ya banda lililozibwa, na unaua watu vivyo hivyo chumbani, kila msimu wa baridi hapa mjini. Chungu cha udongo chenye makaa yaliyofukiwa majivu hakina tofauti, ni makaa yaleyale. Kama una umeme tumia taa ya joto, na kama huna, chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa, ubadilishe usiku mara moja.

Ulitaka kujua ni mwaka mbaya au ni wewe. Mwaka ni wa kawaida kabisa. Wewe ulipanda ukihesabu mvua, kama wengi wetu tunavyofanya. Nikague nini kwako nikipita? Lile jani la saa moja asubuhi ndilo nalitaka, na unijulishe kama jinzi zako zinakauka.